Gemu Bichi la Mjukuu Wangu

Nimemwona binti akimpigia fisi goti na kumwamkia, na fisi akaitikia.

Sikuota. Ilikuwa mchana kweupe, sebuleni kwangu hapa Dutwa, na tulikuwa watu kumi na wanne wa jumuiya yetu ya kanisa. Wote tuliona.

Binti alifika mbele ya fisi, akashuka chini, akasema, "Mwadila." Fisi akatikisa kichwa kama mzee aliyeshiba, akajibu, "Mwadila, mwanangu, za kushinda?"

Mama mmoja aliyekaa karibu na mlango alijifunga kanga yake vizuri, akatoka bila kuaga. Kwetu fisi si mnyama wa kuchezea. Watu wana wanayoyajua juu ya fisi na wachawi wanaowapanda.

Wengine walicheka mpaka wakashika mbavu.

Mjukuu wangu Kwandu hakucheka. Alikuwa ameinamisha kichwa, anabonyeza vitufe haraka haraka, jasho linamtoka.

Fisi alikuwa ndani ya kompyuta. Binti naye alikuwa humo humo. Kwandu ndiye aliyewatengeneza wote wawili, na sisi tuliokaa pale tulikuwa tumeshawalipia.

Wanangu na wajukuu zangu wa humu mtandaoni, nawasikia mkibishana kila siku kama mtu anunue gemu likiwa bado linatengenezwa au asubiri liishe. Mimi sichezi magemu. Ila hilo swali limepita nyumbani kwangu, likakaa, na lilipoondoka halikuondoka peke yake.

Naitwa Specioza, lakini hapa kijijini ni Mama Milembe. Milembe alikuwa binti yangu, mama yake Kwandu. Alifariki mtoto akiwa darasa la pili. Tangu hapo tumeishi wawili, mimi na Kwandu, na mbuzi wetu, na ekari mbili za pamba.

Kwandu alisomea kompyuta Mwanza miaka miwili. Akarudi na cheti. Akapeleka barua huku na huku mwaka mzima, na kila mahali walimwambia, "Tutakupigia."

Hawakupiga.

Akaanza kusema ataondoka. Leo Arusha, kesho Dar, keshokutwa popote. Mimi namsikiliza tu. Mwanaume wa miaka ishirini na minne huwezi kumfunga kamba mguuni kama kuku.

Lakini sikutaka aondoke.

Siku moja akaniita chumbani kwake.

"Bibi, njoo uone kitu."

Kwenye kioo cha kompyuta alikuwepo msichana mwembamba amevaa kaniki, na mbele yake ng'ombe. Nyuma yake ardhi imekauka, imepasuka. Nilishangaa. Ilikuwa nchi yetu kabisa, hata rangi ya vumbi.

"Huyu nani?"

"Minza. Anaswaga ng'ombe saba kutoka Meatu kwenye ukame mpaka ziwani. Akifika nao wote, umeshinda."

"Na wakifa njiani?"

"Unaanza upya."

"Ingekuwa hivyo kweli, kijiji hiki kisingekuwa na maskini."

Akacheka. Ilikuwa miezi mingi sijamsikia akicheka.

Akaniambia anataka kuliuza.

"Limeisha?"

"Bado. Nimefika nusu. Minza anafika hapa Dutwa tu. Kutoka Dutwa mpaka ziwani bado."

"Sasa utauzaje nusu?"

"Wenzetu wanafanya hivyo, Bibi. Mtu ananunua gemu likiwa bado jikoni. Analipata kwa bei ya chini, anacheza kilichopo, anakwambia hiki poa, hiki hapana, na wewe fundi unaendelea. Likiisha analipata lote, haongezi hata mia."

"Na lisipoisha?"

Kwandu si mwongo, hilo niliseme.

"Ndiyo maana wanaambiwa mapema kwamba wasinunue ahadi. Kilichopo leo kama kinakutosha, lipa. Kinachokuja kesho hesabu ni nyongeza."

Nikamwambia habari ya pamba, kana kwamba haijui. Shamba likichanua linapendeza sana, na mwenye haraka huja kununua likiwa na maua. Wiki mbili baadaye funza wako ndani ya vitumba. Aliyenunua ua hajanunua pamba.

"Bibi, nimekuelewa. Sasa uko na mimi au hauko na mimi?"

"Mume wangu, niko na wewe."

Ndivyo ninavyomtania tangu mdogo. Akanikumbatia. Nami nikasema moyoni, akipata kazi ya kumkalisha kwenye kiti hiki, hatapanda basi.

Jumamosi ile jumuiya ilisali kwangu. Baada ya sala, katekista wetu, Januarius, akauliza kama kawaida, "Nani ana tangazo?"

Nikasimama. Nilisema hivi, nakumbuka neno kwa neno: "Mjukuu wangu anatengeneza gemu. Halijaisha. Anaomba mlinunue hivyo hivyo likiwa bichi, elfu tano tano, ili apate nguvu ya kulimaliza."

Watu wakatazamana.

Mzee Ndalahwa akakohoa. Huyu alikuwa karani wa kupima pamba miaka mingi, hakubali neno kabla hajaligeuza pande zote.

"Gemu ndiyo nini hasa?"

"Ni mchezo, Mzee. Wa kwenye simu."

"Kama bao?"

"Kama bao, ila ng'ombe wanatembea."

"Basi sawa," akasema, akatia mkono mfukoni.

Nikamwambia simu yake ya kitochi haitaweza kulicheza. Akasema, "Simu zitakuja nyingine, Mama Milembe. Wewe pokea."

Esteria, jirani yangu anayeongoza kwaya, akazungusha kikapu bila kuambiwa. Kilirudi kimejaa. Wasiokuwepo siku ile waliniletea nyumbani wiki nzima. Mama mmoja aliuza kuku. Walifika watu thelathini na mmoja.

Nilimpelekea Kwandu majina. Aliyasoma mara mbili.

"Bibi, watu thelathini na mmoja wanalitaka gemu langu?"

"Ndiyo."

"Dah." Akakaa kitandani. "Dah, Bibi."

Laiti ningejua.

Kwandu alinunua daftari, akaanza kupita nyumba kwa nyumba. Ndiyo utaratibu wa kazi hiyo, alisema, lazima umwulize aliyenunua anataka nini kiwemo. Huko alikokwenda walimpa karanga, walimpa matobolwa, vile viazi vya kuchemsha na kukausha, na kila mtu alimpa jambo.

Mzee Ndalahwa alitaka fahali wake wa zamani awemo, mwenye pembe moja iliyoangalia chini.

Kwandu alikaa wiki mbili na ile pembe. Ikawa inakwama kwenye kila mti. Fahali anasimama, ng'ombe wengine wanasimama nyuma yake, Minza anasimama, safari imekwisha.

Esteria alitaka kengele ya kanisa isikike binti akipita. Kwandu akaenda Jumapili tatu kuirekodi, kwa sababu kila mara kulikuwa na mtoto analia.

Katekista Januarius alisema binti hana adabu. Anawapita wazee njiani kama anapita miti. "Mtoto wa Kisukuma anapita bila kuamkia? Huyo si wa kwetu."

Hiyo ndiyo iliyomtesa zaidi. Kila mzee ndani ya gemu ikabidi aamkiwe, binti apige goti, mzee aitikie. Halafu Esteria akakumbusha kwamba asubuhi ni "mwangaluka" na mchana ni "mwadila". Kwa hiyo ikabidi kuwe na asubuhi na mchana. Kwa hiyo ikabidi jua litembee. Jua likitembea, vivuli navyo lazima vitembee.

Kwandu alinieleza haya yote akiwa amesimama mlangoni na sufuria ya uji mkononi, uji unapoa.

Ndipo ikaja siku ya fisi. Alikuwa amewaita watu waone alipofikia.

Walipoondoka nilimwuliza ilikuwaje.

"Niliandika kwamba yeyote mwenye umri mkubwa aamkiwe. Fisi nilimpa miaka mingi ili awe mjanja. Binti akamwona mzee."

Nilicheka. Nikajuta kucheka.

"Wamenionaje, Bibi?"

"Wamefurahi."

"Wamelipa, halafu wakaona upuuzi."

Toka siku hiyo alibadilika. Nikiamka alfajiri naikuta taa yake inawaka. Akawa anakula amesimama. Mashavu yakaingia ndani.

Mimi nilikuwa nachukua kigoda changu nakaa karibu naye, nabangua karanga. Sikujua kitu kingine cha kufanya. Kwenye kioo naona mistari ya herufi inashuka kama mchwa, na mjukuu wangu anaitazama kama mtu anayetafuta sindano. Ningekuwa najua kulima huko ndani, ningeshika jembe nimsaidie. Sijui. Basi nabangua.

"Kwandu, waambie imetosha. Usiongeze tena."

"Nimwambie nani, Bibi? Mzee Ndalahwa?"

"Mwambie."

"Mzee aliyenipakia kwenye baiskeli nikiwa na malaria, akanikimbiza zahanati mvua inanyesha? Nimwambie Mzee, pembe yako imenishinda? Wewe ungeweza?"

Nisingeweza. Nilirudi kwenye karanga zangu.

Na hao watu walikuwa wema, jamani. Lazima niliseme hilo. Mzee Ndalahwa alianza kutuletea chupa ya maziwa kila Jumamosi, anaiacha mlangoni, anauliza, "Kijana yupo?" Esteria alituma michembe ya viazi. Katekista kila baada ya ibada alimshika Kwandu bega, akamwuliza, "Linaendeleaje?"

Kwandu alikuwa akisikia kengele ya baiskeli ya Mzee, anasimama kama askari.

"Amekuja kuangalia," ananinong'oneza.

"Ameleta maziwa."

"Maziwa ndiyo njia ya kuangalia, Bibi. Watu wazima hawadai kwa mdomo."

Anarudi kwenye pembe. Akitoka kwenye pembe anarudi kwenye salamu. Akirekebisha salamu, kengele inalia kabla binti hajafika kanisani. Mwaka mzima ukapita hivyo. Minza hakuvuka Dutwa. Ziwa Kwandu hata hakulianza.

Msimu wa kuchuma pamba ulipofika nilimkuta asubuhi ameshika begi.

"Nimepata kazi, Bibi. Steshenari, Mwanhuzi, huko Meatu. Kutoa kopi."

"Na gemu?"

"Nimeshindwa."

"Pumzika kidogo, utaendelea."

"Nikigusa hapa panabomoka pale. Nimeshindwa, Bibi. Watu thelathini na mmoja wanalitaka, wamenivumilia mwaka mzima, na mimi sina cha kuwapa. Naomba uwaambie wanisamehe. Mimi siwezi kuwatazama."

Hakupita barabarani. Alipita nyuma ya nyumba, katikati ya pamba yetu, asionekane na mtu. Nilimtazama mpaka mwisho wa shamba. Pamba ilikuwa inamng'ang'ania kwenye suruali, na yeye hakusimama kuitoa.

Wiki nne sikwenda jumuiya. Nilisema naumwa magoti. Kweli yanauma, lakini si hayo yaliyonizuia.

Halafu nikaona aibu ya kujificha imekuwa kubwa kuliko aibu yenyewe. Nikajifunga kanga nikaanza kuzunguka kuomba msamaha.

Nilianza kwa Mzee Ndalahwa. Nilimkuta anatandaza pamba kwenye turubai.

"Mzee, nimekuja na neno zito."

Akaacha kazi. "Nani kafa?"

"Hajafa mtu. Gemu limeshindikana."

"Gemu gani?"

Nilidhani ananitania.

"La Kwandu, Mzee. Lile mlilolinunua."

"Ahaa." Akafikiri. "Kumbe lilikuwa la kuisha?"

"Mzee, ulilipa."

"Mama Milembe, mimi sikununua kitu. Ulisimama wakati wa matangazo, ukasema mjukuu wako anahitaji nguvu. Mtoto wa Milembe yule, yatima wetu. Nikachanga, kama tulivyochangia bati za kanisa. Bati nazo hatukuzinunua."

Akanisogezea gunia nikakaa.

"Na fahali?"

"Fahali yupi?"

"Wako. Mwenye pembe iliyoangalia chini."

Mzee akakuna kidevu. Nilimwona anaona haya, mtu mzima yule.

"Kijana alikuja hapa na daftari. Ananiuliza, Babu unataka nini kiwemo? Nikasema sitaki kitu, baba, fanya kazi yako. Akauliza tena. Mara ya tatu nikaona uso umemshuka. Nikasema, huyu nikimwambia sitaki kitu, ataona naidharau kazi yake. Nikamtafutia fahali."

"Hukuwahi kuwa na fahali huyo?"

"Sijawahi. Ng'ombe wangu wote pembe zao nzuri."

Wiki mbili za pembe.

"Na maziwa, Mzee?"

"Nilimwona anakonda."

Nikaenda kwa Esteria. Alikuwa anachambua mchicha.

"Kengele?" akasema. "Mimi nilitaja kengele kwa sababu ilikuwa inalia muda ule ule. Alikuwa amesimama na kalamu, anasubiri. Ningesema nini? Ingekuwa jogoo amewika, ningesema jogoo."

Nikaenda kwa katekista. Yeye alifikiri muda mrefu, maana ni mtu wa dhamiri.

"Salamu nilizisema kwa sababu ndizo nilizoziona. Lakini kwamba nilikuwa nalisubiri? Hapana, mama. Nilikuwa namwuliza linaendeleaje ili asione tumemsahau. Kila nikimwuliza anashtuka. Nikadhani ni furaha."

Kila nyumba niliyoingia walisema yale yale kwa maneno yao. Wawili watatu walikuwa wameliweka kwenye simu, watoto wakacheza siku moja, wakakwama kwenye mti, wakaacha. Hakuna aliyekasirika. Mama aliyeuza kuku alinishangaa hata kwa kumwuliza. "Kuku kwa ajili ya mjukuu wako, ndiyo nidai?" Akanipa mayai sita niondoke nayo.

Wanangu, nilitembea kurudi nyumbani kama msichana.

Nilijisemea, mtoto wangu amekimbia bure. Hakuna anayemsubiri, hakuna aliyeudhika. Nikimwambia hivi ataweka begi chini, atarudi nyumbani, atalala usingizi. Sikutaka kumwambia kwa simu. Jambo jema hivyo nilitaka kuuona uso wake.

Asubuhi nikapanda basi hadi Bariadi, nikapanda jingine la Mwanhuzi. Nilikuwa na mayai yale sita nimeyachemsha.

Steshenari yenyewe ni chumba kidogo pembeni ya soko. Kwandu alikuwa nyuma ya mashine, anatoa kopi za vyeti vya mtu. Alikuwa amenenepa kidogo. Nilifurahi.

"Bibi. Kuna nini nyumbani?"

"Kwema. Maliza kazi ya watu."

Alipomaliza akanipa kiti, akanifungulia soda. Nikamwambia yote. Nilimwambia haraka, nacheka, kama mtu anayefungua mzigo wa zawadi. Fahali hakuwepo kabisa. Kengele ilikuwa inalia tu. Salamu zilikuwa maongezi. Hakuna aliyekuwa analisubiri, mume wangu. Walikuwa wanakupenda tu. Walichanga.

Kwandu alichukua yai, akaligonga mezani, akalimenya polepole, akaliweka chini bila kulila.

"Wote?"

"Wote niliowauliza."

"Hakuna hata mmoja aliyelitaka?"

Hapo ndipo nilipoanza kuelewa nilichokifanya.

"Bibi, nilijua ni wasumbufu. Nilijua nimewaangusha. Lakini kila nikitoa kopi hapa, nilikuwa nasema, kuna watu thelathini na mmoja mahali fulani wanataka kumwona Minza akifika ziwani." Alitabasamu, na lile tabasamu ni afadhali angelia. "Hilo ndilo lilikuwa linanitosha. Nilikuwa nimeanza tena kidogo kidogo. Nilishalichora na ziwa."

"Endelea basi, mjukuu wangu."

"Naliendeleza kwa ajili ya nani?"

Mteja akaingia, mwalimu mmoja na karatasi za mtihani. Kwandu akasimama, akamhudumia kwa heshima, akahesabu kurasa, akazibana vizuri. Mimi nimekaa na soda mkononi. Nilitamani niyarudishe maneno yangu ndani, lakini maneno si uzi, hayakunjiki tena.

Mwalimu alipotoka, Kwandu akaniuliza bila kunitazama.

"Na wewe, Bibi? Ulilinunua au ulichanga?"

Ningeweza kumdanganya. Neno moja tu, ningesema nililitaka. Lakini nimemlea tangu ana miaka minane, na mimi nimetoka kumletea maneno ya watu waliomdanganya kwa wema.

"Mimi nilitaka usiondoke nyumbani."

Akatikisa kichwa taratibu, kama mtu aliyesomewa jibu alilokuwa nalo.

"Sawa, Bibi."

Akanisindikiza mpaka stendi. Alinibebea mfuko, akanitafutia siti ya dirishani, akamwambia kondakta, "Huyu bibi yangu, mshushe taratibu, magoti yake mabovu." Basi likaondoka, nikamwona amesimama pale mpaka vumbi likatufunika wote.

Yuko Mwanhuzi mpaka leo. Ananipigia kila Jumapili, ananiuliza mbuzi, mvua, magoti. Juu ya gemu hasemi, na mimi nimeogopa kuuliza. Mzee Ndalahwa bado anaacha maziwa mlangoni, ingawa anajua niko peke yangu na sinywi chupa nzima. Juzi aliniambia, "Mama Milembe, mwambie kijana namtaka yule fahali kweli sasa." Sikumpelekea Kwandu salamu hizo. Angeniuliza kama ni kweli, na mimi sijui.

Kwa hiyo nyie mnaouliza kama mtu anunue gemu likiwa bado linatengenezwa, mimi nawajibu kwa nilichokiona. Kichezeni kile kilichopo. Kikikufurahisha hivyo hivyo kilivyo leo, hata kama fundi atakufa kesho, lipa. Kisipokufurahisha, mwambie hapana. Hapana ya kweli fundi anaweza kuifanyia kazi.

Na kama unampa kwa huruma, sema ni huruma. Atakushukuru, atakula, atalala. Usimpe huruma ukaiita ununuzi. Utamwacha anakesha mwaka mzima, anawafanyia kazi watu ambao hawapo.